Akiba ya Kinga katika Damu ya Farasi

Msomaji mpenzi, hebu fikiri kidogo habari hii. Mfugaji mmoja ana farasi jike wa Kiarabu, mzuri wa umbo na mwenye mwendo wa kupendeza. Amengoja miezi 11, na usiku mmoja jike yule anazaa salama. Watu wa nyumbani wanatoka na taa kumtazama mtoto. Kabla hakujapambazuka amekwisha simama kwa miguu yake mirefu na kunyonya. Kila mtu anafurahi.

Mwezi wa kwanza unapita vema. Mwezi wa pili makamasi yanaanza kumtoka puani. Daktari wa mifugo anampa dawa, naye anapata nafuu siku tatu, kisha kikohozi kinarudi. Anapewa dawa nyingine, na mambo yanakuwa yale yale. Hata kabla hajatimiza miezi sita, mtoto wa farasi amekufa kwa kichomi. Na haya ni mazito zaidi: baada ya miaka miwili, jike yule yule na dume yule yule wanazaa tena, na msiba ule ule unarudi.

Labda utasema, zizi ni chafu. Au mchungaji ni mzembe. Au kuna mtu mwenye kijicho. La, msomaji, sivyo. Zizi lilikuwa safi na mchungaji alikesha. Kasoro ilikuwamo katika damu ya mtoto mwenyewe tangu siku alipotungwa mimba, na wazazi wake wawili, wazima kabisa, ndio waliompa bila wao kuonyesha dalili yo yote.

Leo twataka kukueleza jinsi wataalam walivyoifuata kasoro hiyo hata wakaikamata, na jambo kubwa zaidi walilojifunza njiani: kwamba kundi la wanyama lina akiba ya kinga, na akiba hiyo yaweza kupotea bila mtu kuona.

Kinga hutoka wapi?

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa amekwisha pokea kinga kiasi kutoka kwa mama yake tangu tumboni. Mtoto wa farasi hana bahati hiyo. Kinga ya mama yake imo katika maziwa ya kwanza, yale mazito tuyaitayo dang'a. Lazima ayanyonye mapema siku ya kwanza, kwa sababu zikipita saa 24 hivi, utumbo wake hauwezi tena kuipitisha kinga ile katika damu.

Akiba hii ya mama hupungua wiki kwa wiki. Wakati huo huo, mtoto mzima huanza kujitengenezea kinga yake mwenyewe. Sasa waona kwa nini mtoto mwenye kasoro huonekana hana neno mwanzoni. Anakula akiba ya mama yake, na akiba ikiisha, ndipo yajulikanapo kwamba yeye mwenyewe hana kitu.

Mwaka 1973 wataalam wa Marekani waliandika habari za ugonjwa huu wa watoto wa farasi wa Kiarabu. Waliona kwamba chembe nyeupe za damu zile zinazotambua maradhi na kutengeneza silaha za kuyapinga hazimo katika watoto hawa. Hata kijidudu ambacho mtoto mwingine angekishinda kwa mafua ya siku chache, huyu kilimwua.

Lakini kasoro ilikuwa wapi? Ili kufahamu jinsi ilivyotafutwa, yafaa kwanza tuangalie maagizo ya mwili yalivyoandikwa.

Shanga zenye kuhesabika

Katika kila chembe ya mwili mna nyuzi nyembamba sana ziitwazo kromosomu. Farasi wa kufugwa ana 64. Kati yake, 32 alipewa na baba na 32 alipewa na mama. Katika nyuzi hizo yameandikwa maagizo ya mwili wote, kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Agizo moja huitwa jeni. Kwa kuwa nyuzi ni jozi, karibu kila agizo liko mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama.

Urefu wa maandiko haya ni wa kushangaza. Mwaka 2009 wataalam wa nchi mbalimbali walitangaza kwamba wamekwisha yasoma maandiko ya farasi jike mmoja jina lake Twilight, wa aina ya Thoroughbred, yaani wale farasi wa mashindano ya mbio, aliyekuwa akitunzwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, New York. Herufi zake zakaribia bilioni 2.7. Twilight alichaguliwa kwa sababu wazazi wake walikuwa na ukoo wa karibu, hata nakala zake mbili zilifanana sana, na kazi ya kusoma ikawa nyepesi.

Basi, katika nyuzi hizi mna mahali pengi ambapo herufi mbili hurudiwa-rudiwa, CACACACA, kama shanga nyeupe na nyekundu zilizotungwa kwa zamu. Mahali pale pale, farasi mmoja aweza kuwa na jozi 12 za shanga, na mwenzake 15. Hesabu hiyo yenyewe kwa kawaida haimdhuru farasi wala haimfaidii. Lakini hurithiwa kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto, tena husafiri pamoja na jeni zilizo jirani nayo. Wataalam huziita mikrosatelaiti. Sisi tuziite alama.

Faida ya alama ni kama faida ya mwembe mkubwa kijijini. Ukiambiwa nyumba ya seremala iko jirani na mwembe, hutaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Utautafuta mwembe kwanza, maana huonekana toka mbali. Tena kazi yenyewe si ya kumtesa mnyama. Yatosha kung'oa nywele chache za shingo pamoja na mizizi yake, maana katika mizizi mna chembe za mwili zenye nyuzi zile.

Kwa njia hiyo wataalam walilinganisha farasi wa Kiarabu waliozaa watoto wagonjwa na watoto wao, wakatazama ni alama zipi zilizosafiri pamoja na ugonjwa. Alama ziliwaongoza hata kromosomu ya 9. Na mwaka ule ule wa 1997, kasoro yenyewe ikajulikana: herufi tano tu zimepotea katika jeni moja. Jeni hiyo hutengeneza kitu cha kuunganisha uzi uliokatika. Chembe nyeupe changa hukata na kuunga vipande vya nyuzi zao ili kutengeneza silaha za namna nyingi. Mwungaji akikosekana, silaha hazitengenezeki, na chembe hufa kabla ya kukomaa.

Herufi tano katika bilioni 2.7! Na kwa ajili ya hizo mtoto hafiki miezi sita.

Mchukuzi si mgonjwa

Tangu hapo mfugaji aweza kupima farasi wake kabla ya kuwapandisha. Farasi mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haugui. Wataalam humwita mchukuzi. Mchukuzi akikutana na asiye mchukuzi, hapana mtoto atakayeugua. Lakini wachukuzi wawili wakikutana, kila mimba ina hatari ya moja katika nne kwamba mtoto atapata nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mfugaji wetu wa mwanzo.

Mwaka 1998 ilitolewa hesabu ya farasi 250 wa Kiarabu wa Marekani waliopimwa. Wachukuzi walikuwa 21, yaani asilimia 8.4. Ukipiga hesabu ya farasi hao kama wangekutana ovyo, wangezaliwa watoto wagonjwa 2 hivi kwa kila 1,000.

Sasa nakuuliza, msomaji. Kama wewe ungekuwa mfugaji, ungefanya nini na wale wachukuzi? Wengi watajibu upesi: “Waondolewe wote wasizae tena, na ugonjwa utakwisha.” Jibu hilo laonekana la busara. Lakini ngoja kwanza, tuangalie upande wa pili wa jambo.

Vikono vya chembe

Kwenye kromosomu ya 20 ya farasi mna kitu kama mtaa mzima wa jeni za kinga, zimekaa karibu karibu. Wataalam huuita ELA. Jeni hizi hutengeneza vikono vidogo vinavyosimama juu ya chembe za mwili. Kazi ya kikono ni kushika kipande cha kitu kilichomo ndani ya chembe na kukitokeza nje, ili chembe nyeupe, walinzi wa mwili, wakikague. Kipande kikiwa cha mwili wenyewe, walinzi hupita. Kikiwa cha virusi au cha kijidudu, mbiu ya mgambo hulia.

Lakini kikono cha umbo moja hakiwezi kushika kila kipande. Kimoja hushika hiki, kingine hushika kile. Ndiyo sababu mtaa huu wa jeni una tofauti nyingi mno kati ya mnyama na mnyama, kupita karibu sehemu nyingine zote za maandiko. Farasi aliyerithi vikono vya namna moja kwa baba na vya namna nyingine kwa mama anashika vipande vingi. Yule aliyerithi namna ile ile pande zote mbili, kwa kuwa wazazi wake ni wa ukoo mmoja, anashika vichache. Na kundi lenye namna nyingi, yakija maradhi mapya, huenda likapata ndani yake hata wachache walio na kikono kinachofaa.

Tofauti hizi zilijulikanaje? Zamani wataalam walitumia damu ya majike waliokwisha zaa. Jike mwenye mimba hutengeneza silaha dhidi ya vikono ambavyo mtoto amevirithi kwa baba, maana kwake ni vigeni. Maji ya damu yake yakichanganywa na chembe za farasi mwingine, huonyesha kama naye ana vikono vya namna ile. Katika miaka ya 1980 wataalam wa nchi mbalimbali walikusanyika na kulinganisha maji haya ya damu, wakazipa namna hizo namba. Lakini kazi ilikuwa ngumu, na maji ya damu ya jike mmoja hayatoshi watu wote wala hayadumu milele.

Hapo ndipo shanga zetu zinaporudi. Mwaka 2010 wataalam wa Cornell, akiwamo Bwana Douglas Antczak, walionyesha kwamba alama chache zilizomo ndani ya mtaa ule wa kromosomu ya 20 zatosha kuutambua. Ukihesabu shanga mahali kadha wa kadha kwa mfululizo, hesabu hizo pamoja huwa kama namba ya nyumba. Farasi wawili wenye namba moja mara nyingi wana jeni moja za kinga. Mtu aweza kupima kundi zima kwa nywele tu na kujua lina namna ngapi, zipi ni nyingi, na ipi imebaki kwa farasi mmoja mzee.

Visubi na farasi wa Aislandi

Utauliza, je, haya yana maana kwa farasi malishoni, au ni maneno ya vitabuni tu? Sikiliza habari hii.

Katika kisiwa cha Aislandi, kule kaskazini, wako farasi wafupi wenye manyoya mengi. Farasi akitoka kisiwani humo haruhusiwi kurudi tena, kwa kuogopa kuleta maradhi. Wengi huuzwa katika nchi nyingine za Ulaya, na huko hukutana na visubi, wadudu wadogo wenye kuuma. Wengine huwashwa vibaya sana. Kila kiangazi hujikuna kwenye miti na nyua hata nywele za shingo na mkia zinatoka na ngozi inakuwa vidonda. Si visubi vyenyewe vinavyowadhuru hivyo, bali kinga yao yenyewe inapiga mbiu kubwa kwa adui mdogo.

Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya wataalam waliopima alama za kromosomu ya 20 katika farasi wa Aislandi, na pia katika poni wa Exmoor, aina nyingine kabisa ya Uingereza. Waliona mambo mawili. La kwanza, alama ile ile moja ilionekana zaidi kwa wagonjwa katika aina zote mbili. La pili, farasi wenye nakala za namna moja kwa baba na kwa mama katika sehemu moja ya mtaa ule, walikuwa katika hatari zaidi ya kuugua.

Jihadhari usikosee hapa. Alama haisemi kwamba farasi huyu lazima ataugua. Mahali alipozaliwa, umri aliokutana na visubi, na jeni nyingine, yote yana sehemu yake. Lakini twaona wazi kwamba tofauti za mtaa huu si pambo. Zinaweza kumpa mnyama raha au kumwasha ngozi maisha yake yote.

Waliobaki kumi na watatu

Sasa tutazame kundi lililoipoteza karibu akiba yake yote. Katika nyika za Mongolia waliishi farasi wa mwitu, ambao wenyeji huwaita takhi. Wazungu waliwapa jina la Przewalski, afisa wa Kirusi wa karne ya 19. Takhi wa mwisho aliyeonekana mwituni alionekana mwaka 1969. Waliobaki walikuwa katika bustani za wanyama tu, na wote waliokuwako mwishoni mwa karne ya 20 walitokana na wazazi 13, wengi wao wakiwa wamekamatwa karibu na mwaka 1900.

Mwaka 1999 ilichapishwa kazi ya wataalam waliotazama jeni za vikono katika takhi 14 waliochaguliwa ili wawakilishe ukoo wote. Walipata maandiko 6 tu ya namna mbalimbali, na moja kati ya hayo lilikuwa limeharibika, halifanyi kazi. Lakini yale yaliyobaki yalitofautiana sana hasa mahali pale kikono kinaposhika kipande. Kwa hiyo akiba ilikuwa ndogo, lakini haikuwa imekwisha. Hazina hii ndogo ilistahili kulindwa.

Wakalindwa. Tangu mwaka 1992 takhi wamerudishwa Mongolia, na leo wanazaana tena katika nyika za babu zao. Wenye kuwatunza hupanga kwa daftari nani akutane na nani, ili damu iliyo haba isipotee. Hata wamefika mbali zaidi. Mwaka 1980, katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, chembe za dume mmoja ziligandishwa kwa baridi kali na kuwekwa. Damu ya dume yule ilikuwa imebaki kwa wachache sana. Tarehe 6 Agosti 2020, huko Texas, alizaliwa mtoto kutokana na chembe zile zile za miaka 40 nyuma, akibebwa tumboni na farasi jike wa kufugwa. Alipewa jina Kurt. Gharama na taabu hizi zote ni kwa ajili ya kurudisha kidogo ya kile ambacho kingeweza kulindwa kwa urahisi zamani.

Jibu la swali letu

Haya, turudi kwa wachukuzi. Katika vilima vya kaskazini mwa Uingereza wako poni wa Fell, aina ya zamani iliyobaki wachache. Watoto wao nao walikuwa wakifa kwa kukosa kinga, kwa ugonjwa ulio tofauti na ule wa farasi wa Kiarabu. Walizaliwa wazima, wakadhoofika wiki chache baadaye, na kabla ya miezi mitatu wakafa au ikabidi wauawe kwa huruma. Wataalam wa Animal Health Trust, taasisi iliyofungwa mwaka 2020, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walizifuata alama hata kromosomu ya 26, na mwaka 2010 kipimo kikaanza kutumika.

Poni wakapimwa. Wachukuzi walikuwa asilimia 38 hivi ya poni wa Fell waliopimwa. Karibu wanne katika kila kumi!

Sasa waona, msomaji. Kama wafugaji wale wangefuata lile jibu la upesi, wangewaondoa karibu poni wanne katika kila kumi wa aina iliyo haba. Kasoro ingetoka, ndiyo, lakini pamoja nayo zingetoka jeni nyingine zote walizochukua poni wale, na vikono vya kromosomu ya 20 vikiwamo. Wangekimbia msiba mmoja na kuutengenezea njia mwingine.

Ushauri waliopewa ulikuwa mwingine. Pima kabla ya kupandisha. Usimkutanishe mchukuzi na mchukuzi. Mchukuzi mzuri mpe mwenzi aliye safi, naye atazaa watoto wasiougua. Nusu yao kwa wastani watakuwa wasafi kabisa. Katika hao chagua wa kuendeleza ukoo, na polepole kasoro itapungua bila kumwaga akiba ya kundi.

Hilo ndilo somo la alama hizi. Zinamwezesha mfugaji kuona kilichofichika, si ili ashike panga na kukata, bali ili apange kwa akili. Anayeona ugonjwa peke yake atakata sana. Anayeona ugonjwa pamoja na akiba atajua mahali pa kuuzuia mkono wake.

Sisi huku kwetu farasi ni wachache, lakini wenye ng'ombe, mbuzi na kuku ni wengi. Twajua wafugaji wanaomwacha dume mmoja mzuri apande mabinti zake na wajukuu zake mwaka hata mwaka, kwa kuwa wanapenda umbo lake. Mtu wa namna hiyo hahitaji mashine ya kuhesabu shanga ili ajue la kufanya. Na aandike katika daftari nani alizaliwa na nani, na dume abadilishwe mapema na wa zizi lingine.

Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walinena habari za vijinga vya moto, kwamba kimoja hakiwaki peke yake. Nasi tukilitazama zizi la farasi, twaona neno lao lafaa hata kwa kinga ya mwili. Mtoto wa farasi anayesimama usiku kwa miguu yake mirefu anahitaji ya baba na ya mama, tena zilizo mbalimbali, apate kuishi.